Mtoto wa kocha apateje namba kwenye timu ya chuo bila kubebwa

Kama mumeo ni kocha wa timu ya chuo na kijana wenu anataka kwenda kuchezea timu hiyohiyo, kaeni chini muongee kabla hajajaza fomu, sio akishaanza mazoezi. Mi ni mama, kwetu Tanga, huku Ohio, Marekani, nina miaka zaidi ya 20 sasa, mume wangu anafundisha futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, kwenye chuo kidogo cha Divisheni ya Tatu, na mwanetu kacheza pale miaka 4 chini ya babake mzazi. Nimeulizwa sana na wenzangu wa huku ambao watoto wao wameingia kwenye huu mchezo, tulifanyaje nyumba isivunjike na mtoto asiitwe wa kubebwa, sasa leo nimeamua niandike yote nikiwa nimetulia.

Kuna kitu kimoja nakitanguliza maana mengine yote yanatokea hapo. Namba ya mtoto wa kocha itolewe na mtu ambaye sio babake. Hata kama dogo ni mkali kuliko wote, hata kama baba ni mtu wa haki namna gani, akimpa namba kwa mkono wake mwenyewe basi mtoto hatajua kamwe kama ile namba ni yake kweli. Wenzake watasema mbeleko, na yeye usiku akiwa peke yake atajiuliza hivyohivyo, na hilo la pili ndo baya zaidi.

Anzeni na hela na kazi ya baba

Divisheni ya Tatu ndo kubwa kuliko zote kwenye NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ina vyuo zaidi ya 400, na kule hakuna skolashipu ya michezo, uwe mkali usiwe mkali. Kinachowavuta watoto wa makocha ni kitu kingine, vyuo vingi vya binafsi vinawasamehe ada watoto wa wafanyakazi, awe mtoto wa kocha, wa profesa au wa fundi bomba, ni haki ya mfanyakazi na haihusiani na mpira. Sasa we piga hesabu ya ada za vyuo vya binafsi huku halafu niambie ni mzazi gani ataikataa.

Lakini ukocha ni kazi ya kufukuzwa, hilo wake za makocha tunalijua kuliko mtu yeyote, misimu miwili mibaya tu mnaanza kutafuta maboksi. Kwa hiyo nendeni ofisi ya utumishi mkaulize: baba akiondoka mtoto akiwa mwaka wa pili, msamaha unaisha siku ileile, unaisha mwisho wa muhula, au anamaliza nao? Kila chuo kina utaratibu wake, na jibu mlichukue kwa maandishi, la mdomo halitawasaidia siku ikifika. Ulizeni pia kama chuo chenu kipo kwenye mpango wa Tuition Exchange, ule wa vyuo kubadilishana watoto wa wafanyakazi, maana kwa njia hiyo kijana anaweza kusoma chuo kingine kabisa na akachezea huko, ingawa nafasi zake zinagombewa sana.

Halafu muulize mtoto swali hili, na muulize baba akiwa hayupo: "Babako akifukuzwa Novemba, we utabaki hapa?" Mwanangu alikaa kimya mpaka chai ikapoa, akasema atabaki, kwa sababu alikuwa anataka kile chuo kwa masomo yake hata bila mpira. Angesema hataki, ningemwambia hapohapo atafute chuo kingine. Mtoto anayekwenda chuo kwa ajili ya baba tu, baba akitoka anabaki kama yatima.

Divisheni ya Kwanza mambo ni tofauti na ni magumu zaidi siku hizi. Zamani timu kubwa zilikuwa na skolashipu 85 na juu yake wanaongezwa vijana wanaojilipia, na humo ndo watoto wengi wa makocha walikuwa wanajipenyeza kimyakimya. Tangu 2025 vyuo vilivyoingia kwenye yale makubaliano ya mahakamani ya kuwalipa wachezaji vina kikomo cha wachezaji 105 kwa timu nzima, sasa pale ukimweka mwanao kuna kijana wa mtu amekosa nafasi, na wote wanajua.

Nani anampanga

Waswahili tunasema mganga hajigangi, na kocha hawezi kumpima mwanawe. Ama atampendelea ama atamkandamiza ili asionekane anampendelea, katikati hapo sijawahi kuona mtu akipapata kwa juhudi zake mwenyewe. Sisi tulifanya hivi: tulikaa Julai, kabla ya kambi ya Agosti, mimi, mume wangu na kocha msaidizi mmoja mwenye miaka mingi pale kuliko sisi, tukakubaliana kwamba habari zote za namba ya mwanangu ziko kwa yule msaidizi. Makocha wakikaa kupanga kikosi, jina la mwanangu likifika mume wangu anatoka nje anakwenda kuchukua kahawa, wakimaliza wanamwita. Naambiwa mwaka wa kwanza hiyo kahawa ilikuwa haichukui hata dakika mbili, maana hakukuwa na la kujadili, mtoto alikuwa wa mwisho kwenye orodha.

Hata wakubwa wanafanya kitu cha namna hii. Pale Chuo Kikuu cha Iowa watoto watatu wa kocha Kirk Ferentz walichezea timu ya baba yao, Brian, James na Steve, na Brian aliporudi baadaye akawa kocha wa mashambulizi, kwenye makaratasi alikuwa anaripoti kwa mkurugenzi wa michezo badala ya baba yake, kwa sababu ya kanuni za chuo za kuzuia undugunaizesheni. Kama chuo kikubwa vile kiliona haja ya mtu wa tatu, nyie kwa nini msione?

Kama mwili wa kijana unaruhusu, achezee upande ambao baba haufundishi. Baba anafundisha safu ya mbele ya mashambulizi, mtoto aende ulinzi, wawe wanakaa vyumba tofauti wakati wa kuangalia video. Inapunguza nusu ya maneno. Na kama dogo ni kipaji cha wazi kabisa, ile ya kila mtu anakiona kwa macho, basi presha ni ndogo kidogo, Deion Sanders, nyota wa zamani wa mchezo huu, alimfundisha mwanawe Shedeur kuanzia chuo cha Jackson State mpaka cha Colorado na mwaka 2025 kijana akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Cleveland Browns, namba 144 kwenye drafti, ile siku timu za kulipwa zinachagua vijana kwa zamu. Ila tuseme ukweli, wengi wetu watoto wetu ni wa kawaida, wanapenda mchezo, wana bidii, basi. Mwongozo huu ni wa hao.

Alale bwenini, na uwanjani amwite Kocha

Nyumba yetu iko dakika 10 kwa gari kutoka uwanjani na bado nilimfungashia mashuka akaenda bweni. Nililia, sifichi. Lakini mtoto anayelala kwao na kuja mazoezini kwenye gari la kocha huyo sio mwenzao, ni mgeni wao. Akilala bwenini atakula kile chakula wanachokula, atachelewa wanavyochelewa, atapanga foleni ya kufua, na ile wiki ya kambi ya Agosti ambapo kila mtu ananuka na mwili unauma, akiwa kitandani pembeni yao ndo wanaanza kumsahau babake.

Uwanjani aseme "Kocha" kama wengine, asithubutu kusema baba. Na baba naye asimwite kwa jina la nyumbani. Sisi ilikuwa rahisi kidogo maana jina la nyumbani ni la Kiswahili na mimi ndo mwenye nalo. Mimi nikiwa jukwaani nilikuwa napiga kelele "komaa baba! komaa!" wenzake wakadhani nampigia kelele mume wangu, ikabidi aje awaelezee kwamba kwetu mama anaweza kumwita mwanawe baba, basi toka siku hiyo timu nzima wakawa wanamwita Baba. Hilo jina lilimsaidia kuliko mazungumzo yote tuliyofanya, lilikuwa lake, halina uhusiano na kocha.

Sasa kwenye chumba cha kubadilishia nguo hapo ndo kuna kazi. Vijana watamsema kocha vibaya, ni lazima, kila timu inamsema kocha wake, wanapumua kwa njia hiyo. Mtoto wako atakuwa amekaa pale anafunga kamba za viatu anasikia mtu anamtukana babake. Afanye nini? Asitetee, asicheke, asiondoke. Aendelee kufunga viatu. Na muhimu kuliko yote, lile neno lisifike nyumbani. Mwezi wa kwanza wa mwanangu kuna kijana mmoja alipigwa benchi siku mbili baada ya kumsema kocha, ilikuwa ni kwa sababu ya masomo na haikuhusiana kabisa, lakini wote wakaunganisha, na kwa wiki nzima mwanangu akiingia mle ndani watu wananyamaza. Alinipigia simu usiku, hakusema chochote, anapumua tu, nikajua. Sikumwambia babake. Nilimwambia mwanangu asijieleze kwa mtu, kesho awahi mapema na awe wa mwisho kutoka, ajitolee kwenye kile kikosi kinachoigiza wapinzani wa wiki hiyo, ile kazi ya kugongwa bure ambayo hakuna anayeipenda. Ilichukua kama wiki tatu hivi. Yule kijana aliyepigwa benchi ndo alikuwa wa kwanza kukaa naye mezani.

Na kinyume chake pia, anayoyasikia nyumbani yasifike bwenini. Nani anaumwa, nani atashushwa, kocha gani anatafuta kazi kwingine, akiwa sebuleni hayo yasiongelewe kabisa. Mume wangu ana filimbi yake anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, tukakubaliana filimbi ikishatundikwa mpira umeisha, hata kama ni usiku wa kufungwa. Alikosea mara nyingi mwanzoni, nilikuwa namwonyesha msumari kwa kidole tu.

Kuhusu kuwaalika wenzake nyumbani, mlo wa mara moja moja kwa kocha unaruhusiwa ila muulizeni kwanza mtu wa kanuni pale chuoni. Na usialike marafiki wa mwanao peke yao, alika kundi zima la nafasi yake. Mimi nilipika pilau la watu 15 wakala la watu 30.

Atafute kazi isiyogombewa

Hapa ndo napenda kukaa muda mrefu. Kila kijana anataka kuwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, au kukimbia na mpira. Mtoto wa kocha akigombea nafasi hizo na uwezo wake ni wa kawaida ataumia moyo na ataumiza timu. Lakini kwenye timu kuna kazi ndogondogo ambazo watu hawazitaki na bila hizo mechi inapotea. Kocha Dabo Swinney wa chuo cha Clemson, ambaye mwenyewe alijiunga na timu ya chuo cha Alabama bila skolashipu akawemo kwenye timu ya ubingwa ya 1992, mwanawe Will alikuwa ndo anaushika mpira chini kwa ajili ya mpigaji wa teke la goli. Kupiga magoti, kudaka, kuuweka, kuuzungusha mshono uangalie goli, basi, mara chache kwa mechi. Hakuna mtoto anayeota kazi hiyo, ila ukiikosea mara moja uwanja mzima unakujua.

Mwanangu alikuwa mfupi kwa safu ya mbele na mzito kwa nyuma. Yule kocha msaidizi, sio babake, ndo aliyemwambia mwisho wa msimu wa kwanza: snapa wetu anamaliza mwaka kesho na hakuna anayejifunza. Snapa ni yule anayeinama katikati ya safu na kuurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, wakati timu inataka kuupiga teke. Kwa teke la kuusogeza mpira mbali, mpigaji anasimama yadi kama 15 nyuma, ni karibu mita 14 hizo, na mpira mzuri unafika kwa robo tatu za sekunde hivi. Kwa teke la kwenye goli ni yadi 7 au 8 tu, lakini hapo kila kitu, kuanzia kurusha, kushika, mpaka kupiga, kiishe ndani ya sekunde kama 1.3.

Alirudi nyumbani likizo ya Krismasi na mipira minne kwenye begi. Babake nilimkataza kutoka nje. Mimi ndo nilikuwa mpigaji. Tulikuwa tunasimama kwenye njia ya gari, theluji tumeikwangua, tumepima yadi 15 kwa utepe wa fundi na kuchora mstari kwa chaki, mi nimevaa glavu za bustani na koti mbili. Siku za kwanza mipira ilikuwa inapita juu ya kichwa inagonga mlango wa gereji, au inadunda mbele yangu kama jiwe. Kidole gumba changu kucha iliota weusi. Tuliweka simu juu ya ndoo inarekodi polepole tukawa tunahesabu muda, mwanzo sekunde 1.1, mwisho wa Januari 0.95, mwezi wa tatu alivyokuja wikiendi 0.82. Kitu nilichojifunza kwa kudaka: mpira ukitoka vizuri unausikia, unavuma, na ukifika kiunoni upande wa kulia mikono haisogei kabisa, unajikuta umeshaushika. Ukitoka vibaya unayumba kama kuku aliyechinjwa.

Kama mwanao anataka kuanza, afanye hivi: kwanza karibu, yadi 7, mipira 30 kwa siku na sio zaidi, maana mgongo na mabega vinachoka na uchovu unafundisha makosa. Miguu ipanuke kidogo kuliko mabega, makalio yasipande juu, mkono wa nguvu ushike kama anautupa mpira wa kawaida na mwingine uwe wa kuuongoza tu. Ninginiza shuka kuukuu kwenye kamba ya nguo, chora mraba kwenye usawa wa mkanda wa mpigaji, alenge pale. Akipata 8 kati ya 10 ndo arudi nyuma yadi mbili. Baada ya wiki kadhaa ndo umsimamishe mtu mbele yake wa kumsukuma, kwa sababu kurusha bila mtu na kurusha huku kuna jitu la kilo 130 linakupumulia ni vitu viwili tofauti. Mama wenzangu msiogope sana, kanuni za mchezo huu kwa vyuo zinakataza mpinzani kumgonga snapa kabla ya sekunde moja kupita tangu arushe.

Mwaka wa pili alishindana na kijana mwingine, kila mmoja akarusha mipira 20 mbele ya timu nzima, kocha msaidizi ameshika saa na mtu mwingine anaandika kwenye ubao. Mwanangu akashinda kwa mipira mitatu. Ubao ulibaki pale siku nzima kila mtu akausoma. Wazazi, hiki ndo kitu cha kuomba: ushindani unaohesabika, ulio wazi. Baada ya siku hiyo sijasikia tena neno mbeleko.

Baba akizidisha ukali, na mtoto akiumia

Makocha wengi hawampendelei mtoto, wanamwonea. Mwenzake akikosea anaambiwa rudia, yeye akikosea anakimbizwa mizunguko. Mume wangu alimkimbiza mwanangu siku moja kwa kosa la mtu mwingine, mbele ya wote, nikamwambia usiku, filimbi ikiwa kwenye msumari, kwamba wale vijana hawakuona haki pale, waliona baba anamwadhibu mtoto ili yeye aonekane msafi. Alikasirika. Kesho yake aliomba msamaha mbele ya timu kama ambavyo angemwomba mchezaji mwingine yeyote, bila kusema mwanangu.

Kwenye majeraha msicheze kabisa. Mtoto wa kocha huwa anaficha maumivu kuliko wengine, hataki aonekane laini. Mwambieni tangu mwanzo: ukigongwa kichwa, ukiona ukungu, kichefuchefu, mwanga unakuuma, unakwenda kwa mtu wa tiba wa timu, huendi kwa babako wala huningoji mimi. Kanuni ya NCAA ni kwamba mchezaji mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo anatolewa apimwe, na akikutwa nao harudi siku hiyo, na mwenye kauli ya kumrudisha ni watu wa tiba, kocha hana kauli hapo. Baba ayaseme haya kwa mdomo wake mwenyewe mwanawe akisikia.

Ikishindikana

Inaweza kushindikana, na hakuna aibu. Kuna potali ya uhamisho, orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, kijana anaweza kwenda kuanza upya pasipojulikana babake. Na wengine wanagundua kwamba nafasi yao iko pembeni ya uwanja, Lane Kiffin, mtoto wa kocha Monte Kiffin, alikuwa kwotabeki wa akiba chuo cha Fresno State, akaacha msimu wake wa mwisho wa kucheza akawa kocha mwanafunzi palepale. Kama mwanao anasugua benchi mwaka wa tatu lakini wenzake wanamfuata kuuliza mpinzani atafanya nini, msikilize vizuri huyo.

La mwisho ni dogo ila wengi wanalisahau, siku ya kuwaaga wanaomaliza. Kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani kila mchezaji anaingia uwanjani na wazazi wake, anatangazwa, wanakwenda kushikana mkono na kocha mkuu. Sasa baba ndo kocha, atasimama wapi? Sisi tulipanga wiki mbili kabla. Mume wangu aliwapokea wote, lilipofika jina la mwanangu akamwachia nafasi yule kocha msaidizi, akavua kofia, akazunguka akaja upande wetu, akaingia na sisi mkono wake umeshika wangu. Msaidizi ndo aliyempa mwanangu mkono. Ongeeni mapema na mtangazaji wa kipaza sauti asome majina yenu wawili kama wazazi wengine, na kwenye jina la baba asiweke neno kocha.